Mgongo Mkavu: Namna ya Kuijua Betri Njema ya Gari na Fundi Wake

Yuko mzee mmoja Gerezani, Dar es Salaam, fundi umeme wa magari, ambaye haigusi injini kabla hajaitazama betri. Akishafungua boneti hupitisha kidole cha shahada juu ya mgongo wa betri, polepole, kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kisha hukiangalia kile kidole. Kikiwa na vumbi jepesi tu, anaendelea na kazi iliyomleta mteja. Kikitoka na unyevunyevu unaonata, anakwenda kunawa kwanza, halafu anarudi na mita.

Nilikuwepo siku alipofanya hivyo kwenye gari langu. Mguso mweusi wa mita aliubana kwenye kichwa cha hasi. Ule mwekundu akautembeza juu ya plastiki tupu, bila kugusa chuma chochote. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo mita ilitakiwa isome sifuri. Ilisoma volti 3 na ushee, na kadiri alivyosogea kwenye kichwa cha chanya ikapanda, 5, 7, 9.

“Umeona, mwanangu? Umeme unatembea mgongoni,” akasema. “Tindikali imetanda hapa, ila macho hayaioni. Betri yako inajimaliza yenyewe usiku wewe umelala.”

Tangu siku hiyo mgongo ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia, iwe ni betri ya dukani, ya rafiki, au ile iliyochakaa chini ya kiti cha lori. Betri njema iliyo mikononi mwa fundi mwema ni kavu juu. Ikilowa, kuna mkono ulioilowesha: wa aliyeitengeneza, aliyeijaza, aliyeichaji, aliyeifunga, au wako wewe mwenye gari. Kuijua betri ni kujua kuusoma unyevu huo umetoka kwa nani.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayopotosha. Mitaani tuna betri ya maji na betri kavu, basi. Hilo jina la pili limewatia watu wengi hasara, kwa sababu betri kavu ina maji. Ndani yake mna tindikali ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, na sahani za risasi za ukoo uleule alioanzisha Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kinachotofautiana ni madini yaliyotiwa kwenye risasi na jinsi maji yalivyofungiwa.

Betri ya maji ya mtindo wa zamani ina antimoni kwenye risasi yake. Antimoni huifanya sahani iwe ngumu, lakini pia huharakisha kupungua kwa maji wakati wa chaji. Ndiyo sababu ya vile vizibo sita juu, kimoja kwa kila chumba, na kila chumba kikitoa volti 2 na kidogo. Betri kavu ya kawaida imetiwa kalsiamu badala yake. Hupoteza maji kidogo sana, hata mtengenezaji akaona hakuna haja ya kukuachia mlango wa kuongezea. Lakini inapumua. Ina vitundu vidogo vya kutolea gesi, kwa kawaida pembeni mwa mfuniko, na ukiilaza ubavu ndani ya buti au ukiichaji kupita kiasi, itamwaga kama nyingine yoyote.

Betri ya AGM ni jambo jingine. Humo tindikali imefyonzwa na mkeka wa nyuzinyuzi za kioo uliobanwa katikati ya sahani, kama maji ndani ya sponji. Gesi inayozaliwa wakati wa chaji hubaki ndani na kurudi kuwa maji, na vali hufunguka pale tu presha inapozidi. Hata ikipasuka, haichirizi. Ndiyo inayowekwa kwenye magari mengi yanayozima injini yenyewe kwenye foleni, na kwenye magari ambayo betri hukaa nyuma ya abiria, kama Prius nyingi. Katikati ya hizo kuna EFB, ambayo ni betri ya maji yenye sahani zilizoimarishwa kwa kazi hiyohiyo ya kuzima na kuwasha. Betri ya jeli iache kwenye viti vya magurudumu na mitambo ya sola. Haivumilii chaji ya gari la kawaida.

Nikiulizwa niipende ipi, kwa Toyota ya miaka mingi inayohudumiwa na fundi unayemwamini, mimi bado napenda betri ya maji iliyo njema. Unaweza kuchungulia ndani, unaweza kupima kila chumba kwa haidromita, na ikianza kuugua inakwambia mapema. Asiyefungua boneti mpaka gari ligome, achukue ya kalsiamu. Ila gari lililokuja na AGM lirudishiwe AGM, nasisitiza hili, kwa sababu chaji ya gari hilo imepangwa kwa ajili yake. Na betri yoyote inayokaa ndani ya gari walimo watu lazima iwe na kimpira cha kutolea gesi nje. Nimeona betri ya maji imewekwa nyuma ya gari la familia bila kimpira hicho, kwa kuwa ilikuwa nafuu, na mtoto amekaa juu yake.

Dukani, iwe Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kitu cha kwanza ni mikono yako. Omba betri mbili za ukubwa mmoja, za kampuni mbili, uzinyanyue. Betri ni risasi. Iliyo nyepesi kuliko mwenzake wa saizi ileile imepunjwa risasi, hata kibandiko kikisema nini. Wauzaji wengine hawapendi ukifanya hivyo. Fanya tu.

Kisha geuza macho kwenye mshono unaounganisha mfuniko na kasha. Kiwandani mshono huo huyeyushwa na kuunganishwa kwa joto, ukatoka na ukingo ulio sawasawa pande zote nne. Ukiona gundi, ukiona mahali mshono umevimba na pengine umekwanguliwa kwa kisu, hiyo imefunguliwa ikafungwa tena. Tazama na vichwa. Risasi mpya ina rangi ya fedha iliyofifia, haina mikwaruzo ya mviringo. Mikwaruzo maana yake kibano kimeshakaa hapo. Betri zinazooshwa, kupigwa rangi na kubandikwa kibandiko kipya zipo, na mara nyingi kibandiko chenyewe kimebandikwa mahali pa ajabu, palepale palipotobolewa.

Halafu mwambie muuzaji akupimie volti mbele yako. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na 12.2 ni nusu. Mimi siichukui iliyo chini ya 12.4, kwa maana imekaa rafuni miezi mingi bila chaji, na salfa imeanza kuganda kwenye sahani. Kuna wanaotegemea lile jicho dogo la kijani. Jicho hilo liko ndani ya chumba kimoja tu kati ya sita. Vile vitano vingine halivioni.

Herufi na namba zisikutishe. NS40, NS60 na N70 ni majina ya zamani ya Kijapani ambayo bado tunayatumia kila siku. Kwenye jipya, tuseme 55D23L, ile 55 ni kiwango cha nguvu, D ni kipimo cha upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukichukua R badala ya L, waya hazitafika, na hapo ndipo fundi mbaya huanza kuzivuta. CCA ni nguvu ya kuwasha gari betri ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo hatunayo Dar es Salaam wala Mombasa, lakini namba inafaa kulinganishia betri mbili za saizi moja. Adui wetu ni joto. Joto la chini ya boneti hula sahani na kukausha maji, na ndiyo sababu betri zilizotengenezwa kwa nchi za joto hutiwa tindikali iliyozimuliwa zaidi kidogo.

Sasa kujaza, na hapa nitakaa, kwa kuwa uvujaji mwingi niliouona ulizaliwa hapa.

Betri nyingine huja zikiwa tupu, sahani zimeshachajiwa, na tindikali hutiwa dukani. Mtazame anayeijaza. Mwema hutia polepole, chumba baada ya chumba, mpaka mstari wa juu, kisha huiacha. Sahani hunywa. Baada ya nusu saa hivi kiwango huwa kimeshuka, naye hurudi kuongeza kidogo, tindikali ileile, kisha huiweka kwenye chaji fupi kabla hajakukabidhi. Mbaya hujaza hadi shingoni mwa kizibo, akafunga, akakupa. Ukifika Ubungo, joto na chaji vimekwisha kuyatanua yale maji, nayo yametafuta njia ya kutokea.

Tangu siku hiyo ya kwanza, tindikali haiongezwi tena. Kwenye chaji na joto kinachoondoka ni maji peke yake; tindikali haipai. Sisi tumevipa vitu viwili jina moja, “maji ya betri”, chupa zinafanana, na anayetumwa dukani hurudi na yoyote. Betri ikidhoofika, tindikali yake inakuwa imejificha ndani ya sahani kama salfa. Ukiongeza nyingine, kwa siku chache itaonekana imefufuka, haidromita itapanda, mteja atashukuru. Ikishachajiwa na ile iliyojificha ikarudi majini, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi na kuanza kula sahani na kila kinachoguswa na matone yake. Fundi anayekuongezea tindikali kwenye betri iliyochoka amekuuzia mwezi mmoja kwa bei ya mwaka. Kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hiyo ni sumu kwa risasi. Ya kiyoyozi yamepita kwenye mabomba ya chuma na vumbi la sebule, siyaamini.

Na wakati wa kuongeza ni baada ya chaji. Ukikuta sahani ziko nje, tia kiasi cha kuzifunika tu, chaji, ndipo ufikishe mstari wa juu. Anayejaza pomoni kisha akachaji ataukuta mgongo umelowa asubuhi, aje alaumu kiwanda.

Betri kavu kutobolewa juu kwa drili ili iongezwe maji, halafu tundu likazibwa kwa gundi au nta, naikataa kabisa. Nimeona kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi wa mkono unaostahili kazi bora. Gundi haidumu mbele ya tindikali na mtikisiko. Betri hiyo itavuja, na itavuja kwenye chesisi ambako huioni.

Chaji yenyewe ina vipimo vyake. Gari likinguruma, taa zimezimwa, mita kwenye vichwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15, rekebisha alteneta kabla ya kununua betri nyingine, maana hiyo mpya nayo itachemshwa. Harufu ya mayai viza chini ya boneti ni dalili hiyohiyo. Ukiitoa betri na kuipeleka kwa mwenye chaja, muulize anaiwekea ampea ngapi. Sehemu ya kumi ya uwezo wake ni mwendo wa kiungwana, yaani ampea 6 kwa betri ya Ah 60, usiku mzima, mahali penye hewa. Gesi inayotoka ni haidrojeni na oksijeni, na cheche ya sigara au ya kibano kilichochomolewa chaja ikiwa bado inawaka inatosha kuipasua betri usoni mwa mtu. Mwenye chaja anayezima kwanza ndipo anachomoa vibano, mwaminie betri yako.

Kufunga ni kazi ndogo ambayo watu huidharau. Kwenye daladala nyingi betri imefungwa kwa mpira wa tyubu. Mpira unavutika, kila shimo la barabara linairusha betri na kuidondosha, sahani zinapukutika ndani, kasha linapata ufa chini kwenye pembe. Nataka bamba la chuma na boliti zake mbili zenye nati, vilivyokazwa mpaka betri isisogee ukiisukuma, wala visikazwe hadi kasha kubonyea. Ukiinyanyua, shika mpini au chini yake. Ukiibana kwa viganja kutoka ncha mbili, kuta za plastiki huingia ndani na kuyasukuma maji yatokee kwenye vitundu.

Na vichwa visipigwe nyundo. Magari madogo mengi ya Kijapani yana vichwa vyembamba, na mwenye haraka akipewa betri ya vichwa vinene hugongelea kibano kiingie. Kikiwa kinapwaya, huchomeka skrubu katikati. Yote mawili huvunja ile sili nyembamba inayozunguka shina la kichwa, na tindikali huanza kupanda hapo kidogokidogo. Kibano kipanuliwe kwa bisibisi, kikae, kikazwe kwa spana, kisha kipakwe mafuta ya mgando kwa juu. Kwa juu, baada ya kukaza. Hasi hufunguliwa ya kwanza na kufungwa ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isizue cheche.

Mgongo uliolowa, basi, usomwe hivi. Unyevu ukizunguka vizibo vyote sita, ama imejazwa kupita mstari ama alteneta inachemsha. Pima volti ndipo useme. Ukizunguka kizibo kimoja, fungua hicho: pengine kimepasuka, pengine tundu lake limeziba kwa uchafu na gesi inatafuta njia ya pembeni, pengine chumba hicho kimekufa. Ungaunga mweupe au wa kijani na buluu kwenye shina la kichwa kimoja ni tindikali iliyopanda na kula risasi na shaba ya waya, na hapo sili ya kichwa ndiyo mtuhumiwa. Mchirizi ubavuni unaoanzia chini ya mfuniko ni ufa au mshono mbovu, na huo hauna tiba. Betri itoke leo. Mgongo ukiwa mkavu na chini kwenye kikalio kuna kutu inayomeng'enyeka, nyanyua betri uangalie tumbo lake.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Niliwahi kubeba betri kwa kuiegemeza pajani, hatua kama ishirini kutoka gari hadi karakana. Sikuona tone. Suruali ilipofuliwa ilirudi na matundu madogo mbele, kama iliyoliwa na mende. Mwaka uliofuata, gari lilelile lilianza kuzima taa za mbele bila mpangilio, na fundi akakuta fungu la waya chini ya kikalio cha betri limekuwa unga wa kijani. Uvujaji ulikuwa wa nati moja isiyokazwa na ufa wa urefu wa ukucha.

Kwa kuosha, magadi yaleyale ya kulainishia maharage yanafaa. Yeyusha vijiko viwili vitatu kwenye maji, hakikisha vizibo vimekazwa na vitundu vimefunikwa, mimina juu na kwenye kikalio. Penye tindikali patatoa povu. Mimina mpaka povu likome, suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa utakachokitupa. Tone la magadi likiingia chumbani linaua tindikali iliyomo, kwa hiyo usiharakishe. Tindikali ikirukia jicho, hapo hakuna magadi. Ni maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kope zimefunguliwa, kisha hospitali.

Betri iliyokufa ina thamani, nayo hununuliwa kwa kilo. Wanunuzi wengine wa vyuma chakavu huigeuza na kuimwaga mtaroni kwanza, ili wabebe risasi tupu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walikaa jirani na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyeanza kupigania kifungwe baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri kuukuu irudishwe kwenye duka linalopokea za zamani unaponunua mpya, ikiwa imesimama wima, vizibo vimefungwa, maji yake yote yamo ndani. Muuzaji akiipokea, mtazame anaiweka wapi. Yule mzee wa Gerezani huzipanga kwenye beseni pana la plastiki, nyuma ya kibanda chake, na asubuhi kabla ya kazi huzipitia migongo kwa kidole, moja moja, kama zile zilizo hai.